Gramu moja ya bikabonati: shajara ya kupima gesi, Arusha

Lengo na hesabu ya mezani

Mradi unapima mililita ngapi za hewa ya ukaa hutoka kwenye gramu 1.00 ya bikabonati ya sodiamu, ile soda ya kuokea keki ya kopo la dukani, inapokutana na asidi. Vifaa vyote ni vya kupatikana mtaani. Tukishaamini vipimo vya bikabonati, tutapima kitu ambacho usafi wake haujulikani: magadi ya sokoni.

Moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe, moja ya bikabonati ina gramu 84.01 na hutoa moli moja ya hewa ya ukaa. Gramu 1.00 ni moli 0.0119. Shuleni tunafundishwa kwamba moli moja ya gesi katika joto la chumbani hujaza lita 24, kwa hiyo jibu linalotarajiwa ni mililita 286. Siki ya asilimia 5 ina takriban moli 0.83 za asidi kwa lita. Gramu moja ya bikabonati inamaliza mililita 14.3. Tunaweka 30 ili asidi ibaki na bikabonati iishe yote.

Mizani ni ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haifai kabisa hapa, maana kosa lake peke yake linaweza kuwa nusu ya unachopima.

Siku ya 1

Mtambo wa kwanza: chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, mpira wa dripu kutoka duka la dawa, beseni la maji, na silinda ya kupimia ya mililita 500 iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Bikabonati inafungwa kwenye karatasi ya tishu, inatumbukizwa kwenye siki, kifuniko kinafungwa haraka. Gesi inapanda kwa viputo na kusukuma maji nje ya silinda.

Vipimo vitatu: 271, 296, 288. Wastani 285, kitabu kinasema 286.

Mtu angeweza kuishia hapo. Tofauti ya mililita 25 kati ya kipimo cha chini na cha juu ndiyo iliyotuzuia. Mtambo unaoyumba hivyo haukustahili kupata wastani mzuri namna ile.

Siku ya 2: kuuliza mizani

Kuna njia ya pili ya kuijua gesi iliyotoka, nayo haihitaji maji wala silinda: pima uzito kabla na baada. Gramu 5.00 za bikabonati zikiisha zote hupoteza gramu 2.62 za hewa ya ukaa. Uzito haujali mgandamizo wa hewa wala joto, ndiyo maana tuliufanya shahidi.

Kikombe chepesi cha plastiki chenye mdomo mpana, gramu 7.5 za asidi ya sitriki katika mililita 40 za maji. Bikabonati imepimwa kwenye kipande cha karatasi, na karatasi inakaa juu ya mizani pamoja na kikombe mwanzo na mwisho. Unga unaingizwa kwa vijipinchi. Ukimwaga wote kwa mkupuo povu hupanda na matone hurukia nje, na kila tone linahesabiwa kama gesi. Koroga mpaka viputo viishe.

Kosa linalosahaulika: hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama kikombeni kama maji. Hapa Arusha lita moja ya hewa ya ukaa inaizidi lita ya hewa kwa karibu gramu 0.53. Nafasi ya mililita 200 juu ya maji ikijaa gesi hiyo, mizani itakudanganya kwa gramu 0.1. Pepea mdomo wa kikombe kwa kadi kwa nusu dakika, kisha soma.

Matokeo: 2.59, 2.58, 2.60. Hiyo ni asilimia 99 ya kinachotarajiwa. Bikabonati ni nzuri, asidi inatosha. Basi ujazo wa siku ya kwanza ndio wenye kasoro.

Lita 24 ni za wapi?

Ni za pwani. Hesabu hiyo inachukulia mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, karibu hektopaskali 1013. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Simu yenye kihisi cha mgandamizo ilisoma hektopaskali 862, yaani kilopaskali 86.2. Hewa inayobana kidogo huiacha gesi itanuke zaidi.

Angalizo ambalo limewapotosha wengi: programu ya hali ya hewa kwenye simu itakuambia 1016 au 1018 hata ukiwa Arusha. Namba hiyo imesharekebishwa kana kwamba uko ufukweni, ili watabiri waweze kulinganisha miji. Unachohitaji ni mgandamizo halisi wa mahali ulipo, unaosomwa na kihisi chenyewe. Kama simu haina kihisi, makadirio ya kutumia mwinuko wa mahali yanatosha kwa kazi hii.

Jambo la pili ni mvuke. Gesi iliyokusanywa juu ya maji imechanganyika na mvuke wa maji, na mvuke huo unachukua sehemu yake ya mgandamizo: kilopaskali 2.81 katika nyuzi 23, 3.17 katika nyuzi 25, 4.25 katika nyuzi 30. Kwa hiyo:

moli = (mgandamizo wa hewa − mgandamizo wa mvuke) × ujazo ÷ (8.314 × joto la kelvini)

ambapo mgandamizo uko katika kilopaskali, ujazo katika lita, kelvini ni nyuzi za Selsiasi kujumlisha 273, na 8.314 ni namba isiyobadilika ya gesi. Kwa nyuzi 23: 86.2 − 2.81 = 83.39. Moli moja hujaza lita 29.5, na gramu 1.00 ya bikabonati inapaswa kutoa mililita 351, si 286.

Bikabonati ileile Dar es Salaam, katika nyuzi 29, ingetoa mililita 308 hivi. Nairobi, palipo juu zaidi ya hapa, ingepita 351.

Sasa 285 ya siku ya kwanza inasomeka upya: ni asilimia 81 tu. Makosa mawili yalikutana, namba ya pwani iliyo ndogo mno na mtambo uliokuwa unapoteza karibu gesi moja kati ya tano, yakapeana mkono. Kazi iliyobaki ni kuzitafuta mililita 66 zilizopotea, moja moja.

Siku ya 3: kuunda mtambo upya

Chupa ya plastiki imetupwa. Kuta zake hupumua: maji yakisimama juu kidogo kwenye silinda, chupa hunywea. Badala yake ni chupa ya jamu ya kioo, nusu lita, yenye kifuniko cha bati chenye ukingo laini ndani. Kifuniko kimetobolewa tundu moja.

Usigandishe mpira wa dripu moja kwa moja kwenye bati kwa gundi ya epoksi. Mpira ule ni laini, gundi haiushiki. Ukiupinda mara mbili inabanduka na hewa inapita bila kuonekana. Kata kipande cha sentimita 4 cha ganda gumu la kalamu, kipitishe tundu, paka epoksi pande zote mbili za bati, kiache siku nzima. Mpira huvishwa juu ya ganda hilo. Kutoka kwenye dripu ondoa kile kichupa cha matone na gurudumu la kubania, maana gurudumu likijifunga kwa bahati mbaya gesi haina pa kutokea. Gramu moja ya bikabonati ndani ya nusu lita iliyofungwa huongeza kilopaskali zipatazo 58. Kioo kinaweza kuhimili, lakini hakuna haja ya kukijaribu. Miwani machoni, na mwisho wa mpira uwe wazi kabla ya kuchanganya.

Siki inakaa chini ya chupa. Bikabonati inakaa ndani ya kichupa kidogo cha dawa kilichosimamishwa humohumo, bila kufunikwa. Kifuniko kinafungwa kwanza, kila kitu kinatulia, ndipo chupa inainamishwa kichupa kianguke. Hivyo hakuna hata sekunde moja ambayo gesi inatoka huku chupa iko wazi.

Beseni nalo limeondoka, imeingia ndoo ya lita 20. Sababu ni usawa wa maji. Maji ndani ya silinda yakisimama sentimita 10 juu ya maji ya nje, gesi inavutwa kwa karibu kilopaskali 1. Wengi huona hilo ni asilimia moja tu ya mililita 350 na kulipuuza. Lakini gesi inayovutwa si ile ya silinda peke yake, ni pamoja na yote iliyo chupani, jumla karibu mililita 850. Inatanuka kwa mililita 10, na zote zinaonekana kwenye silinda. Ndoo yenye kina inaruhusu kuzamisha silinda au kuiinua mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane, mwanzo na mwisho.

Mpira haupulizi tena chini ya maji. Unapanda ndani ya silinda mpaka karibu na kitako chake kilicho juu, ili gesi ifike bila kupita kwenye maji. Mpira wa unene wa milimita 4 unachukua nafasi ya mililita 2 hivi katika eneo linalosomwa, nazo tunazitoa.

Jaribio la kuvuja: inua silinda maji ya ndani yasimame sentimita 10 juu ya ya nje, subiri dakika 10. Maji yakishuka, kuna tundu. Paka maji ya sabuni kwenye kiungio na kuzunguka ganda la kalamu, kisha puliza kupitia mwisho wa mpira uone viputo. Kifuniko cha kwanza kilivuja pale gundi ilipokutana na rangi ya bati. Kwangua rangi kwa msasa kabla ya kupaka.

Siku ya 4

Gramu 1.00, siki mililita 30, nyuzi 23, hektopaskali 862. Vipimo: 318, 321, 319.

Tofauti kati ya vipimo imeshuka kutoka 25 hadi 3, na hilo lina thamani kuliko kupanda kwa namba yenyewe. Gramu 0.01 ya mizani ni sawa na mililita 3.5 za gesi, kwa hiyo mtambo sasa unayumba kwa kiasi kilekile mizani inachoweza kukosea.

Bado tunadaiwa 32.

Siku ya 5: gesi iliyojificha kwenye siki

Maji hupenda hewa ya ukaa. Katika nyuzi 20 hadi 25, lita moja ya maji inaweza kumeza kati ya lita 0.83 na 0.94 za gesi hii. Mwaka 1772 mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley alichapisha njia ya kuitia makusudi kwenye maji ya kunywa. Alipotaka kukusanya gesi zinazoyeyuka alitumia zebaki badala ya maji. Zebaki ni sumu, haina nafasi katika mradi wa ndoo na chupa ya jamu. Inabidi tuhesabu kinachomezwa.

Kwanza, siki inabeba zaidi ya haki yake. Viputo vikikoma kuonekana, kimiminika bado kimejaa kupita kiasi, kama soda iliyofunguliwa ambayo haijatikiswa. Shika chupa kwa shingo, itikise dakika mbili nzima. Maji kwenye silinda hushuka tena mbele ya macho, mililita baada ya mililita, wakati ungeapa kwamba kila kitu kimeisha.

Kushika shingo si pambo. Kiganja kikikumbatia tumbo la chupa na kuipasha kwa nyuzi 3, hewa ya ndani hutanuka kwa mililita 5. Na upande wa pili, mmenyuko wenyewe hunyonya joto: siki hupoa nyuzi 2 au 3, gesi inasinyaa. Baada ya kutikisa subiri dakika 10, ndipo usawazishe maji na kusoma.

Vipimo: 333, 332, 334.

Kosa jingine limeonekana siku hii kwa sababu kipimo kimoja kilifanywa haraka mno kikatoa 339. Hewa iliyofungiwa chupani ni kavu kiasi, na ikikaa juu ya siki hunyonya mvuke na kutanuka. Ikiwa unyevu wa chumba ni asilimia 60, ongezeko ni mililita 6 au zaidi kidogo, na si gesi ya bikabonati hata kidogo. Dawa yake: funga chupa, zungusha siki ilowanishe kuta bila kuangusha kichupa, subiri dakika 5, kisha soma mwanzo. Kipimo cha 339 kimefutwa.

Siku ya 6: kimiminika kidogo, hasara ndogo

Kilichobaki ni 18. Mwishoni mwa mmenyuko hewa iliyo chupani ina hewa ya ukaa kati ya nusu na theluthi mbili hivi, kwa hiyo mililita 30 za siki hushikilia mililita 13 hadi 17. Deni karibu lote liko pale, na haliwezi kutikiswa likatoka. Njia ni kupunguza kimiminika.

Asidi ya sitriki ya unga inaruhusu hilo: gramu 1.5 katika mililita 10 za maji. Hapa kuna mtego wa hesabu. Molekuli ya sitriki ina haidrojeni tatu za asidi, na kwa karatasi gramu 0.76 zingetosha. Lakini ile ya tatu ni dhaifu, nguvu yake inakaribiana na ya asidi ya kaboni yenyewe, hivyo haiwezi kuifukuza gesi yote. Hesabu mbili tu: unahitaji gramu 1.14, au 1.25 kama pakiti imeandikwa kwamba ina maji ya fuwele. Ukiweka gramu 0.8 mapovu yatakuwa mengi na ya kuvutia, na kipimo kitakuwa pungufu.

Vipimo: 344, 345, 344. Ongeza mililita 5 zilizoyeyuka kwenye zile 10 za asidi: 349 hadi 350, dhidi ya 351.

Chupa kubwa imesaidia kwa njia isiyoonekana. Kinachosukumwa kuingia silinda ni hasa hewa ya kawaida iliyokuwa chupani, huku hewa ya ukaa ikibaki nyuma. Maji ya ndoo yanakutana na gesi ambayo hayana hamu nayo. Ukitumia chupa ndogo ya mililita 100 ili "kupunguza hewa", hewa ya ukaa yenyewe ndiyo itakayofika kwenye maji ya ndoo, na hasara itarudi.

Mgandamizo wa hewa katika nchi za tropiki hupanda kilele karibu saa 4 asubuhi na kushuka karibu saa 10 jioni, tofauti ya hektopaskali 3 hivi. Kwetu ni mililita 1. Tunauandika kila mara, ila hatugombani nao.

Siku ya 7

Bikabonati ya kopo la zamani lililoshika unyevu na kuwa mabonge: 327. Unyevu una uzito na hauna gesi. Usijaribu kuikausha jikoni. Bikabonati ikipashwa moto huachia nusu ya gesi yake palepale na kugeuka kabonati. Fungua kopo jipya.

Siku ya 8: magadi

Magadi ya bonge, yametwangwa kwenye kinu mpaka unga laini. Chembe kubwa huendelea kutoa gesi taratibu baada ya kusoma. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ni hasa trona: kabonati na bikabonati ya sodiamu zilizoshikana na maji. Gramu 1.00 ya trona safi ingetoa mililita 261. Asidi ya sitriki imepandishwa hadi gramu 2, kwa kuwa sehemu ya kabonati hula asidi mara mbili.

Vipimo: 214, 213, 215. Pamoja na mililita 5 zilizoyeyuka: 219, yaani moli 0.0074.

Kama gesi yote imetoka kwenye trona, gramu moja ya magadi haya ina trona gramu 0.84. Kama ingekuwa kabonati kavu tupu, hesabu ingetoa gramu 0.79. Silinda haiwezi kuzitofautisha. Inajua idadi ya moli, haijui zimetoka wapi. Wala haisemi lolote kuhusu floridi, ambayo ndiyo inayowaharibu meno watu wa kanda hii na ambayo magadi huwa nayo. Magadi yenye gesi nyingi si lazima yawe magadi salama kwa mboga.

Mabaki yaliyobaki chupani yamechujwa kwa karatasi ya chujio iliyopimwa kabla, yakasuuzwa mara tatu na kukaushwa juani: gramu 0.07, mchanga mweusi na udongo. Ukichukua trona 0.84, inabaki gramu 0.09 isiyo na gesi na inayoyeyuka: chumvi ya kawaida, na unyevu. Sampuli ya pili, ya unga, imefungwa kwenye mtungi usiopitisha hewa ikisubiri zamu yake.